Maswahiba wa Ng'ambo: Kumi Bora za Urafiki wa London na Washington

Tarehe 5 Machi 1946, katika chuo kidogo cha Westminster mjini Fulton, Missouri, Winston Churchill alisimama kuhutubia akiwa hana cheo serikalini. Wapiga kura wa Uingereza walikuwa wamemng'oa Julai ya mwaka uliotangulia. Jukwaani aliketi Rais Harry Truman. Watu wengi wanaikumbuka hotuba ile kwa "pazia la chuma", lakini ndimo pia Churchill alimotangaza "uhusiano maalumu" baina ya Uingereza na Marekani. Siku hiyohiyo, mbali na maikrofoni, maofisa wa nchi hizo mbili walitia saini mkataba wa siri wa kunasa mawasiliano ya wengine na kugawana walichokisikia. Mkataba huo, UKUSA, haukuwekwa hadharani mpaka 2010. Posa ilitangazwa uwanjani, ndoa ikafungwa uani.

Tangu hapo kila Waziri Mkuu mpya wa Uingereza huwa na hamu ya kupanda ndege kwenda Washington, na waandishi wa London huhesabu kila kitu: alipewa dakika ngapi, alishikwa bega, alialikwa Camp David au aliishia kwenye kochi la ofisini. Wamarekani wengi wala hawajui kwamba kuna mashindano.

Nimepanga visa vya urafiki huu kuanzia cha kumi kushuka hadi cha kwanza, na kipimo changu ni kimoja tu: baada ya maswahiba kushiba, bili ilipelekwa kwa nani? Asiyeridhika na mpangilio apange wake.

10. Mbao za meli kwa furushi la filamu

Machi 2009 Gordon Brown alimpelekea Barack Obama zawadi iliyofikiriwa hasa: kishikio cha kalamu kilichochongwa kwa mbao za HMS Gannet, meli ya enzi za Malkia Victoria ambayo iliwahi kutumika kupambana na biashara ya watumwa. Rais wa kwanza mweusi, mbao za meli ya aina hiyo. Zaidi ya hayo, meza yenyewe ya Rais imetengenezwa kwa mbao za meli nyingine ya Uingereza, HMS Resolute, iliyoachwa kwenye barafu ya kaskazini mwaka 1854, ikaokotwa na wavuvi wa nyangumi wa Kimarekani na kurudishwa kwa heshima zote. Malkia Victoria ndiye aliyeagiza meza hiyo ipelekwe Washington mwaka 1880. Kwa kifupi, Brown alikuja na historia mkononi.

Obama akampa DVD 25 za filamu za Kimarekani.

Magazeti ya London yaliripoti kuwa hata hizo, kwa kuwa zilikuwa za mashine za Amerika Kaskazini, ziligoma kucheza Uingereza. Mwezi uliofuata Malkia Elizabeth naye alipata iPod, na yeye akatoa picha yake na mumewe iliyotiwa saini, aina ya zawadi aliyokuwa akiwapa wageni wengi tu. Mama yule hakuwa na haraka ya kumpendeza mtu. Bili ya kisa hiki ni fahari ya Waingereza, na fahari hailipiwi ushuru.

9. Mfalme ale soseji

Juni 1939 Mfalme George VI na Malkia Elizabeth, mama wa yule wa iPod, walikwenda Marekani. Hakuna mfalme wa Uingereza aliyekuwa madarakani aliyewahi kukanyaga huko kabla yake, na si ajabu: koloni lililokutoroka huwa halina mvuto wa utalii. Rais Franklin Roosevelt akawachukua hadi nyumbani kwake Hyde Park, New York, na tarehe 11 Juni akawaandalia pikiniki. Kwenye sahani: hot dog.

Mfalme alikula, akaongeza, akashushia na bia. Inasimuliwa kwamba Malkia alitafuta kisu na uma. Gazeti la New York Times liliipa habari hiyo ukurasa wa mbele, na hilo ndilo Roosevelt alilokuwa akilitafuta. Wamarekani wengi wakati ule hawakutaka hata kusikia vita vya Ulaya. Rais alitaka wamwone mfalme kama mtu anayeweza kudondosha haradali kwenye shati. Miezi mitatu haikufika, vita vikaanza. Kwa bei ya soseji chache, sijui propaganda nyingine iliyokuwa rahisi hivyo.

8. Gurudumu la tano

Septemba 2021 Australia, Uingereza na Marekani zilitangaza AUKUS, mpango wa kuipatia Australia nyambizi zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Wafaransa walikuwa na mkataba wao wa kuiuzia Australia nyambizi kumi na mbili, na habari kwamba umefutwa waliipata saa za mwisho. Kwa hasira Paris iliwaita nyumbani mabalozi wake wa Washington na Canberra.

Balozi wa London hakuitwa. Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, Jean-Yves Le Drian, alipoulizwa sababu alieleza kwamba katika jambo lile Uingereza ilikuwa kama gurudumu la tano. Nimesoma matusi mengi ya kidiplomasia, lakini hili la kuambiwa kwamba hustahili hata kununiwa naliweka juu sana.

7. Zumari ambalo halikulia

Katika miaka ya 1960 Lyndon Johnson alitaka Waingereza waende Vietnam. Harold Wilson, Waziri Mkuu wa chama cha Labour, alikataa. Inasimuliwa kwamba Johnson alishusha bei mpaka akasema kikosi kidogo tu cha wapiga zumari wa Kiskoti kingetosha, bora bendera ya Uingereza ionekane. Wilson alijua pauni yake inategemea msaada wa Marekani, hivyo alimsifu Johnson hadharani, akajipendekeza, akajitolea kupatanisha. Askari hakupeleka. Hakupata shukrani nyumbani wala Washington, ila vijana wa Uingereza wa kizazi kile walikufa kwa uzee.

Rukia Julai 2002. Tony Blair anamwandikia George W. Bush waraka wa siri kuhusu Iraki, na sentensi ya kwanza kabisa inamhakikishia kwamba atakuwa naye kwa vyovyote itakavyokuwa. Kisha ndipo anaanza kutaja masharti. Wachuuzi wa Kariakoo wangempa semina ya bure: ukishasema utanunua kwa bei yoyote, huna tena cha kupatana. Waraka huo ulitoka hadharani Julai 2016 pamoja na ripoti ya tume ya John Chilcot, yenye maneno milioni 2.6. Waingereza 179 wa vikosi vya ulinzi walifia Iraki. Wairaki waliokufa hata idadi yao inabishaniwa, na hilo lenyewe linakuonyesha bili ilikwenda wapi.

6. Baa za Bamber Bridge

Kabla ya kuvuka kwenda Normandy, Wamarekani walijaza Uingereza: askari zaidi ya milioni moja, wana chokoleti, soksi za nailoni na mshahara ambao askari wa Kiingereza aliuota tu. Walikuja pia na ubaguzi wao wa rangi kama ulivyo. Jeshi la Marekani lilikuwa na vikosi vya weupe na vya weusi, na makamanda walitaka baa za vijijini nazo zigawanywe.

Katika kijiji cha Bamber Bridge, Lancashire, inasimuliwa kwamba wenye baa walitii kwa namna yao: wakabandika matangazo kwamba humu wanahudumiwa askari weusi tu. Usiku wa tarehe 24 Juni 1943 polisi wa kijeshi weupe walitaka kuwakamata askari weusi kwenye baa moja. Wanakijiji na hata askari wa Kiingereza waliokuwepo wakawatetea weusi. Ugomvi ukakua, risasi zikalia hadi usiku wa manane, na askari mmoja mweusi akauawa. Waliofikishwa mahakama ya kijeshi na kutiwa hatiani kwa uasi, zaidi ya thelathini, walikuwa weusi.

Wanakijiji wale wanastahili pongezi na ninawapa. Ila wakati Lancashire ikimkaribisha mtu mweusi kaunta, mtu mweusi wa Nairobi hakuruhusiwa kuketi kwenye hoteli kubwa za mji wake isipokuwa amebeba sinia. Ubaguzi wa Marekani ulikuwa aibu. Wa kwenu ni utawala bora.

5½. Samahani, nimeingia bila hodi

Nusu nafasi, kwa sababu wahusika wenyewe waliimaliza kwa simu. Mwaka 1982, katika vita vya Falklands, Ronald Reagan baada ya kusitasita alimsaidia Margaret Thatcher kwa makombora ya Sidewinder, taarifa za kijasusi na mafuta ya ndege kisiwani Ascension, kisiwa cha Uingereza chenye uwanja ulioendeshwa na Wamarekani. Mwaka uliofuata, Oktoba 1983, Reagan aliivamia Grenada, nchi ya Jumuiya ya Madola ambayo mkuu wake wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza. Thatcher alikuwa amemsihi asifanye hivyo. Reagan akampigia simu baadaye; kanda yake ilitolewa 2014, na humo anasikika akimwambia kwamba kama angekuwa pale London angetupa kwanza kofia yake mlangoni kabla ya kuingia mwenyewe. Thatcher alijibu kwa upole wa barafu.

5. Mkopo uliofika Kongwa

Hapa tupunguze mwendo, maana kuna hesabu.

Agosti 1945, Japani iliposalimu amri, Truman alifunga ghafla bomba la misaada ya vita ambalo kwalo Uingereza ilikuwa inapumua. London ikamtuma Washington John Maynard Keynes, mchumi aliyeheshimika kuliko wote duniani, akiwa mgonjwa wa moyo. Keynes alikwenda akitumaini zawadi, au angalau mkopo usio na riba: si tulipigana peke yetu mwaka mzima ninyi mkitazama? Wamarekani walimsikiliza kwa adabu. Akarudi na mkopo wa dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2, ulipwe kwa awamu 50 za mwaka, na juu yake sharti kwamba pauni iruhusiwe kubadilishwa kwa dola bila kizuizi. Alifariki Aprili 1946, kabla Bunge la Marekani halijaupitisha.

Sharti lilitimizwa Julai 1947. Kila aliyekuwa na pauni duniani akakimbilia dola. Wiki tano baadaye dirisha likafungwa tena, na sehemu kubwa ya mkopo ilikuwa imeyeyuka. Kukopa harusi, kulipa matanga: Uingereza iliyoshinda vita ilianza kugawa mkate kwa kadi mwaka 1946, jambo ambalo haikulifanya hata Hitler alipokuwa akiipiga mabomu.

Mafuta ya kupikia na majarini navyo vilikuwa haba, na kuvinunua kulihitaji dola. Ndipo likaja wazo: kwa nini tusilime karanga Tanganyika? Kuanzia 1947 serikali ya London ikamwaga fedha Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalitafutwa kila pembe, hata kwenye mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Mgogo yeyote angewaambia kuhusu mvua ya Kongwa na udongo wake unaokauka ukawa kama zege. Sidhani kama aliulizwa kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Wazee wetu walisafishiwa mapori, wakabaki na mabati, reli ya Nachingwea iliyokuja kung'olewa, na hadithi.

Na mkopo wenyewe? Awamu sita ziliahirishwa njiani, lakini ulilipwa. Malipo ya mwisho, dola milioni 83 hivi, yalitumwa Desemba 2006, Tony Blair akiwa ofisini na askari wake wakiwa Iraki kumsaidia mkopeshaji. Deni la Vita vya Kwanza la Uingereza kwa Marekani ni habari nyingine: liliacha kulipwa 1934 na pande zote mbili zina adabu ya kutolitaja mezani.

4. Karatasi isiyo na saini

Agosti 1941 Roosevelt na Churchill walikutana kwenye meli za kivita katika ghuba ya Placentia, Newfoundland. Wakatoa tamko lenye vifungu vinane, Mkataba wa Atlantiki. Kifungu cha tatu kilisema mataifa yote yana haki ya kuchagua serikali yatakayoishi chini yake. Kinachochekesha ni kwamba nakala rasmi iliyotiwa saini na wawili hao haijawahi kuwepo. Lilikuwa tamko lililopigwa kwa waya.

Wasomaji wa Afrika hawakuhitaji saini. Walisoma "mataifa yote" wakaelewa mataifa yote. Churchill akashtuka, na tarehe 9 Septemba akaliambia Bunge kwamba kifungu kile kililenga nchi za Ulaya zilizo chini ya Wanazi, si himaya ya Mfalme. Roosevelt alisema baadaye kwamba mkataba ni wa dunia nzima. Maswahiba wawili, karatasi moja, tafsiri mbili, na kila mmoja akamwachia mwenzake maana yake ili urafiki uendelee. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikaa na karatasi hiyo kifungu kwa kifungu, na mwaka 1943 kikatoa madai yake yenyewe juu yake.

Wakati huohuo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipelekwa Burma, wakashuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope na malaria, amri zikitolewa kwa Kiswahili cha jeshini. Mmoja wa Wakenya waliopigana Burma aliitwa Waruhiu Itote. Miaka kumi baadaye Waingereza walimfahamu vizuri zaidi kwa jina la Jenerali China wa Mau Mau. Mafunzo yalikuwa ya bure.

3. Wewe kwanza, hapana, wewe kwanza: Unguja 1964

Kisa hiki hakitajwi sana London, na ndiyo maana nimekipandisha.

Mwaka 1960, Zanzibar ikiwa chini ya ulinzi wa Uingereza, Waingereza na Wamarekani walikubaliana kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mpango wa Mercury. Kikajengwa Tunguu. Wanasiasa wa kisiwani waligawanyika, wengine wakiamini kwamba pale pana roketi. Washington ilitaka anga, London ikatoa ardhi, na ardhi haikuwa ya London.

Tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru, Mapinduzi. Manowari ya Marekani USS Manley ikafika kuwachukua Wamarekani. Halafu ukaanza mchezo wa adabu. Washington iliona Zanzibar ni eneo la Mwingereza na Mwingereza ndiye wa kufanya jambo. London ilikuwa na mipango ya kijeshi makabatini, mmoja baada ya mwingine, na haikutekeleza hata mmoja. Januari hiyohiyo ilikuwa imeshughulishwa na maasi ya wanajeshi Tanganyika, ambako Nyerere aliomba makomandoo wa Uingereza. Magazeti ya Magharibi yakapiga kelele za "Kuba ya Afrika". Kenya, China na Ujerumani Mashariki zilishaitambua serikali ya Karume. Maswahiba wakakaa wiki sita wakitazamana nani ataanza, wakaitambua kwa pamoja mwishoni mwa Februari. Hapo wa Mashariki walishafungua mabegi. Kituo cha Tunguu kikaambiwa kiondoke, na Aprili Muungano ukabadilisha hesabu yote.

Mwanadiplomasia kijana wa Marekani aliyekuwa Unguja baada ya Mapinduzi aliitwa Frank Carlucci. Januari 1965 Tanzania ilimfukuza kwa tuhuma za njama, tuhuma alizozikana maisha yake yote. Kufukuzwa hakukumharibia kazi: alikuja kuwa naibu mkurugenzi wa CIA, na mwaka 1987 Reagan akamfanya Waziri wa Ulinzi.

2. Dola zako au mfereji wako

Julai 1956 Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez. Waziri Mkuu Anthony Eden akaapa kumwangusha. Mwezi Oktoba, katika nyumba moja huko Sèvres karibu na Paris, Waingereza, Wafaransa na Waisraeli walipanga mchezo: Israeli ivamie, kisha Uingereza na Ufaransa ziingie kama wazima moto wa kuwatenganisha wapiganaji. Marekani haikuambiwa. Walifikiri Dwight Eisenhower, swahiba wa vita, jenerali aliyeishi London, atakunja uso kidogo kisha ataelewa.

Eisenhower alikuwa kwenye wiki ya mwisho ya uchaguzi akijinadi kwa amani, na Warusi walikuwa wakiingiza vifaru Budapest. Hakupiga risasi hata moja. Aliiacha pauni ianguke. Uingereza ilihitaji fedha za Shirika la Fedha la Kimataifa na mafuta ya kuziba pengo la mfereji uliofungwa. Washington ilijibu kwamba vyote vipo, tena vingi, vitakuja mkishaondoka. Harold Macmillan, Waziri wa Fedha aliyekuwa mkali kuliko wote wakati wa kwenda, aligeuka kuwa wa kwanza kutaka kurudi alipoonyeshwa akiba ya dola. Askari walitua Port Said, na usiku wa tarehe 6 Novemba mapigano yakasimamishwa. Desemba, askari wakipanda meli, fedha zikatoka kama zilivyoahidiwa.

Eden aliyeugua alikwenda kupumzika Jamaica, kwenye nyumba ya Ian Fleming, mtunzi wa James Bond. Ukitaka picha ya taifa likihamia kutoka kwenye nguvu za kweli kwenda kwenye za hadithi, hiyo hapo. Januari alijiuzulu, na aliyerithi kiti ni huyohuyo Macmillan. Wafaransa walitoka Suez na funzo lao: usimtegemee Mmarekani. Waingereza walitoka na lao: usimuudhi tena. Bili ilibaki Misri, kwa watu wa Port Said waliobomolewa mji, wala hapakuwa na awamu wala riba kwao.

1. Punguzo la dola milioni 14

Desemba 1962, Macmillan alikwenda Nassau, Bahamas, kumbembeleza John Kennedy. Uingereza ilikuwa imefuta kombora lake yenyewe ili itegemee kombora la Kimarekani liitwalo Skybolt, na sasa Marekani ilikuwa imelifuta hilo Skybolt. Macmillan alitumia silaha alizobaki nazo, yaani historia na machozi, akapata Polaris, makombora ya kurushwa kutoka kwenye nyambizi. Mfumo huo ndio baba wa Trident ya leo: nyambizi na vichwa vya nyuklia ni vya Uingereza, lakini makombora yanatoka kwenye ghala la pamoja lililopo Kings Bay, Georgia.

Polaris ilikuwa na bei, ikiwemo nyongeza ya gharama za utafiti. Na Wamarekani nao walikuwa na haja yao: kisiwa katika Bahari ya Hindi, hii yetu ya Tanga na Mombasa, kisicho na watu wala wabunge wa kupiga kelele. Waingereza wakaangalia mezani wakaona Chagos. Novemba 1965, kabla Mauritius haijapewa uhuru, waliikata Chagos kutoka kwake na kuilipa pauni milioni tatu, wakakata na visiwa vitatu vya Shelisheli, ambayo ilijengewa uwanja wa ndege. Mwaka uliofuata wakawapa Wamarekani Diego Garcia kwa miaka hamsini bila kodi. Bila kodi hadharani, maana kwa siri, bila Bunge la Marekani kujua, Uingereza ilisamehewa hadi dola milioni 14 za ile nyongeza ya Polaris.

Kasoro ilikuwa moja: visiwa vilikuwa na watu. Kati ya elfu moja na mia tano na elfu mbili, wengi wakiwa wazao wa watumwa walioletwa kutoka Msumbiji na Madagaska, wakulima wa minazi wenye Krioli yao, makanisa yao na makaburi yao. Kwenye majalada ya Wizara ya Mambo ya Nje ya 1966 ofisa mmoja mkubwa aliandika kwa mzaha kwamba pamoja na ndege wa baharini kuna Tarzan wachache wa asili isiyojulikana. Ikaamuliwa waitwe vibarua wa muda. Waliokuwa wamekwenda Mauritius kutibiwa waliambiwa hakuna meli ya kurudi. Mwaka 1971 Diego Garcia ikaondolewa watu. Mbwa wao walikusanywa kwenye banda la kukaushia mbata wakauawa kwa moshi wa magari, wenyewe wakiwepo kisiwani. Kufikia 1973 visiwa vyote vilikuwa vitupu, na watu wametupwa kwenye vitongoji vya Port Louis na Mahé.

Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba ukataji ule haukuwa halali. Mei mwaka huo Umoja wa Mataifa ukapiga kura: nchi 116 ziliitaka Uingereza iondoke, sita zilipinga, na katika sita hizo mbili ni London na Washington zenyewe. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza ikasaini mkataba wa kuirudishia Mauritius mamlaka juu ya Chagos, na ndani ya mkataba huohuo ikakubali kuikodi Diego Garcia kwa miaka 99, kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Wakati ule Washington iliukaribisha mkataba huo, na si vigumu kujua kwa nini: mpangaji anabaki ndani, na kodi yake analipiwa. Kwa mkataba huo, Wachagosi wanaweza kurejeshwa kwenye visiwa vingine. Diego Garcia, hapana.

Kambini pale wanatumia dola, magari yanapita kulia, na soketi za umeme ni za Kimarekani. Cha Uingereza ni bendera, maofisa wachache wa kugonga mihuri kwenye pasipoti, na, kwa mujibu wa mkataba, hundi.